Huruma ya Mvuvi Iko Katika Jicho la Wavu



Anayefika Kituku alfajiri, kabla jua halijatoka upande wa Gisenyi, atakuta watu wengi wamekwisha kumtangulia. Mitumbwi inaingia kutoka Idjwi na Minova ikiwa na mihogo, ndizi na makala. Watoto wanachota maji ya ziwa kwa mabidoni. Na wamama wenye mabeseni wamesimama ndani ya maji hata magotini, wakiwangojea wavuvi waliokesha. Jina la Kituku lilisikika mbali sana tarehe 3 Oktoba 2024, siku ile mashua Merdi iliyotoka Minova ilipozama karibu kabisa na bandari, watu wakiiona kutoka pwani. Tunawaombea marehemu wote pumziko la milele. Lakini leo sitaandika juu ya yale ambayo ziwa lilitwaa kwetu. Nitaandika juu ya yale tunayotwaa sisi kutoka ziwani.

Swali lilitoka kwa kijana mmoja wa darasa la kipaimara. Baba yake ni mvuvi, na yeye mwenyewe huenda ziwani usiku wa Jumamosi, ndiyo sababu Jumapili husinzia wakati wa mahubiri. Alikuwa ameona katika simu picha za wavuvi wa Ulaya. Mtu anavuta samaki mkubwa kwa ndoano, anampakata kama mtoto mchanga, anapigwa picha naye, kisha anamrudisha majini akicheka. Basi kijana akaniuliza mbele ya wenzake: "Mwalimu, wale wanavua na kuachilia. Sisi tunavua na kula, hata vitoto. Nani kati yetu anampendeza Mungu?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa sikuwa na jibu. Nililitafuta kwa majuma mengi, tena nikakosea njiani, kama nitakavyoeleza. Hapa nataka kuyapima maoni mawili yanayopingana, kila moja kwa haki yake, halafu niseme ninaloliona kuwa kweli.

Maoni ya kwanza: kuvua na kuachilia

Tusiyadharau maoni haya, maana yalianza kwa sababu njema. Huko Marekani mito mingi ilikuwa inaishiwa na samaki kwa wingi wa wavuvi wa starehe. Mvuvi mmoja maarufu, Lee Wulff, alianza kufundisha katika kitabu chake cha mwaka 1939 kwamba samaki akirudishwa hai atamfurahisha mvuvi mwingine kesho. Karibu nasi, huko Watamu katika pwani ya Kenya, kuna chama kiitwacho African Billfish Foundation kilichoanzishwa mwaka 1990. Wavuvi wanaoshirikiana nacho humtia sulisuli alama ndogo yenye namba, wakamwachilia, ili akivuliwa tena mahali pengine ijulikane amesafiri mpaka wapi. Hilo ni jambo la elimu, na lina faida yake.

Tena, ndugu zangu, hata watakatifu waliachilia samaki. Thoma wa Celano, aliyeandika maisha ya Mtakatifu Fransisko, anasimulia kwamba mvuvi mmoja katika ziwa la Rieti alimpa Fransisko samaki mkubwa aliyekuwa bado hai. Fransisko akampokea kwa furaha, akamwita ndugu, akamrudisha majini, akaanza kusali. Samaki yule hakwenda mbali, bali alichezacheza karibu na chombo mpaka sala ilipokwisha.

Lakini tuangalie vizuri. Fransisko hakumtafuta samaki ili apate kumwachilia. Alipewa. Yule anayemchoma samaki ndoano kwa makusudi, apambane naye hata achoke, amtoe majini kwa ajili ya picha, kisha amrudishe, hafanyi alivyofanya Fransisko. Mateso ya samaki ndiyo mchezo wenyewe. Mwaka 2003 wataalamu wa Uingereza walionyesha kwamba trauti, samaki wa mito ya kule, ana neva kichwani na mdomoni zinazohisi jeraha. Wataalamu wengine wanabishana bado kama hayo ni maumivu yanayofanana na yetu. Hata hivyo nchi nyingine hazikungoja ubishi uishe. Uswisi, kwa amri yake ya mwaka 2008 juu ya ulinzi wa wanyama, imekataza kuvua kwa nia ya kuachilia. Na sheria ya Ujerumani ya kulinda wanyama hudai sababu ya haki kwa mtu amwumizaye mnyama.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha mambo mawili pamoja. Ni halali kutumia wanyama kwa chakula na mavazi, na ni kinyume cha heshima ya mtu kuwatesa au kuwaua bila sababu (namba 2417 na 2418). Kwa hiyo hukumu yangu juu ya maoni ya kwanza ni hii: kosa haliko katika kuachilia, liko katika kuvua pasipo haja. Asiyemhitaji samaki asimchome ndoano. Aliyemnasa bila kukusudia, naye samaki bado ana nguvu, amwachilie upesi, wala asingoje picha.

Maoni ya pili: kutwaa vyote

Sasa twende kwa wenzetu wa Kituku. Mzee mmoja aliyevua tangu ujana wake aliniambia hivi: "Mwalimu, Mungu akishajaza wavu, mimi ni nani nimrudishie? Nikirudisha, watoto wangu watakula kurudisha kwangu?" Naye alitaja Injili. Petro, alisema, alipovuta wavu wenye samaki wakubwa mia na hamsini na watatu, hakurudisha hata mmoja.

Mzee hakusema uwongo. Injili haiwaonei haya samaki wa kuliwa. Bwana Yesu mwenyewe, baada ya kufufuka, aliwatayarishia mitume samaki juu ya makaa, na katika Luka anakula kipande cha samaki mbele yao. Hata ndoano imetajwa mara moja, pale Petro alipotumwa kuvua samaki mmoja ili kulipa kodi, jambo ambalo wavuvi wa Kituku wanalielewa kuliko mimi. Anayewaambia maskini kwamba kula samaki ni ukatili amesahau Injili, au amekwisha kunywa chai na mkate asubuhi ile.

Lakini mzee yule alipitia haraka neno moja katika habari ya Petro. Samaki wale walikuwa wakubwa. Na mwinjili anaongeza kwamba wavu haukupasuka. Wavu wa Petro ulibeba wingi bila kuharibika, na Petro angeweza kuushusha tena siku ya pili. Maoni ya pili yanasahau siku ya pili. Siku hizi hapa pwani utaona wavu wa macho madogo sana, ule wanaouita kaningini. Utaona hata chandarua kile tulichopewa tujikinge na mbu, kimeshonwa kikawa wavu. Hutoa vitu vyembamba kama uzi, vyenye macho mawili meusi, ambavyo havijawa samaki. Kikombe chake ni bei ndogo, na mama asiye na kitu hununua hicho. Baba anayevua hivyo hapokei zawadi ya Mungu peke yake, anatwaa na fungu la mwanawe pia.

Kosa langu mwenyewe

Baada ya kuyafikiri hayo nilijiona nimekwisha kupata jibu: wakubwa tuwachukue, wadogo tuwarudishe. Nikawafundisha hivyo watoto wa katekisimu. Ili wasisahau, niliwapeleka pwani asubuhi moja baada ya Misa. Tulimkuta mvulana mwenye beseni la vitoto vya sambaza vilivyonaswa dakika ile ile. Nililinunua beseni zima kwa fedha yangu, nikawaeleza habari ya Fransisko na samaki wake, nasi tukamimina samaki majini huku watoto wakiimba.

Samaki hawakuondoka. Walielea juu, weupe, kama maganda ya mchele, na wimbi dogo likawarudisha miguuni petu. Watoto wakanyamaza. Mama mmoja muuzaji, mjane, aliyekuwa akitutazama, akasema kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko matusi: "Mwalimu, umerudisha maiti. Ungenipa mimi, jioni wangalikuwa mboga." Kisha akainama, akaanza kuwaokota kwa kitambaa.

Nilirudi nyumbani na aibu. Lakini aibu ile ndiyo iliyonifundisha, maana ilinilazimisha kuuliza kwa wanaojua: sambaza ni samaki wa namna gani, na ziwa letu ni ziwa la namna gani?

Ziwa la Kivu na samaki wake

Ziwa la Kivu lina kina kikubwa, zaidi ya meta 470, lakini nyumba ya samaki ndani yake ni ndogo. Chini maji yamejaa gesi, nayo ni kaboni dioksidi na metani. Kuanzia meta kama 60 au 70 kwenda chini hakuna hewa ya kuvuta, hata samaki hawawezi kuishi. Samaki wote tunaowala wanaishi katika tabaka lile jembamba la juu. Aina zao pia ni chache, kama 30 tu, wakati Tanganyika lina mamia.

Sambaza si mwenyeji wa hapa. Aliletwa kutoka ziwa la Tanganyika kati ya miaka ya 1958 na 1960, kwa sababu sehemu ya katikati ya Kivu haikuwa na samaki wa kula vidudu vidogo vya majini. Alistawi. Mwaka 1986 mtaalamu mmoja wa Ubelgiji aliandika akiogopa kwamba sambaza atamaliza chakula chake, na uvuvi wote utakufa. Haikuwa hivyo, na tumshukuru Mungu. Ziwa lilionyesha uvumilivu kuliko ilivyotazamiwa. Hata hivyo uvumilivu wa ziwa si ruhusa ya kulijaribu.

Huyu sambaza huvuliwa usiku. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, taa huwashwa, wavu hushushwa chini ya mwanga, samaki hukusanyika, wavu huinuliwa. Wakubwa hukaa katikati ya ziwa, na watoto wao hukulia karibu na pwani, mahali pale pale ambapo chandarua huburutwa. Nao wote, wakubwa kwa wadogo, ni dhaifu. Tilapia akitolewa majini hupigapiga beseni kwa muda mrefu, na akirudishwa upesi aweza kupona. Sambaza akiguswa hupoteza magamba, na akitoka majini hufa mara moja. Hakuna mkono mpole hata ukamrudisha hai.

Jibu liko wapi?

Basi, ndugu wasomaji, ndipo nilipoona kwamba maoni yote mawili yana kosa moja. Yote mawili yanaitafuta dhamiri ya mvuvi mahali pasipo pake, yaani baada ya samaki kutoka majini. Mmoja anasema, "Sasa nimwachilie." Mwingine anasema, "Sasa nimle." Lakini kwa samaki wetu saa ile hukumu imekwisha kupita. Ilipita siku mvuvi alipokwenda kununua wavu. Jicho la wavu likiwa pana kwa kipimo cha haki, mdogo hupita mwenyewe ndani ya maji, bila ndoano, bila picha, bila kujua kwamba ameokolewa. Huko ndiko kuachilia kwa kweli. Na mkubwa anayebaki, mvuvi amtwae bila wasiwasi, ashukuru, ale na watoto wake.

Sheria ya Musa ina amri ndogo juu ya jambo hili, katika Kumbukumbu la Sheria, sura ya 22. Mtu akiona kiota njiani, na mama amelalia mayai au makinda, asimtwae mama pamoja na watoto wake. Amwache mama aende zake, apate heri na siku nyingi. Mtu mwerevu atanipinga: "Hapo ni mama anayeachwa na watoto wanatwaliwa, nawe unatuambia kinyume." Ni kweli. Lakini sababu ni ile ile: usitwae vyote viwili, bali uache shina litakalochipuka tena. Katika ndege anayezaa mara nyingi, shina ni mama. Katika samaki ambao bado hawajazaa hata mara moja, shina ni wale wadogo. Naye Mtakatifu Thoma wa Akwino, akieleza amri za namna hiyo, anasema kwamba mtu aliyezoea kuwahurumia wanyama huwa tayari zaidi kuwahurumia watu. Kwa hiyo amri ile hulinda kiota, na hulinda moyo wa mpita njia pia.

Mapingamizi mawili

Nimewapelekea wavuvi jibu hili, nao hawakulipokea mara moja. Walinipa mapingamizi mawili yenye nguvu, wala sitayaficha.

La kwanza: "Nikimwacha mimi, jirani atamtwaa." Ni neno la kweli. Ziwa ni moja, nchi ni mbili, na sambaza hajui mpaka. Upande wa Rwanda uvuvi wa sambaza hufungwa karibu miezi miwili kila mwaka ili samaki wazae. Upande mmoja ukifunga na mwingine ukiendelea kuburuta chandarua, mwaminifu ndiye anayepata hasara. Kwa hiyo siwezi kumdanganya mvuvi kwamba wavu wake mmoja utaliokoa ziwa. Jambo hili ni la wote, lataka kupatana: chama cha wavuvi, wamama wauzaji, wakubwa wa bandari, na majirani wa ng'ambo. Lakini mapatano hayaanzi kwa hewa. Huanza na watu wachache ambao wavu wao unaweza kutazamwa na kila mtu bila wao kuona haya.

La pili ni zito zaidi, nalo lilitoka kwa mjane yule yule: "Mwalimu, wavu mzuri ni ghali. Na miezi ya kufunga, sisi tutakula nini?" Hapa sina budi kusema kwa ukali kidogo, na ukali huu hauwaelekei maskini. Bwana alikwisha kuwalaumu wale wanaofunga mizigo mizito na kuiweka mabegani mwa watu, huku wao wenyewe hawataki kuigusa hata kwa kidole. Anayemkataza mjane kikombe chake cha vitoto, bila kumwuliza atapika nini jioni, amefunga mzigo wa namna hiyo. Mvulana mwenye chandarua ana kosa, lakini dhambi haigawanyiki sawasawa. Aliyeleta wavu mbaya sokoni akapata faida ana fungu kubwa kuliko yeye. Anayepokea fedha ili afumbe macho ana fungu kubwa. Nasi tunaonunua kwa kuwa ni rahisi, halafu tukamlaumu mvuvi, tuna fungu letu. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini vyapaswa kusikiwa pamoja. Kituku vilio hivyo viwili viko ndani ya beseni moja.

Ninawaomba nini, basi? Kila jumuiya ndogo ya Kikristo yenye wavuvi ndani yake ijiulize mambo matatu. Je, tunaweza kuchanga kidogo kidogo ili mwenzetu mmoja aache chandarua na kupata wavu wa haki, kama tunavyochanga kwa ajili ya msiba? Je, mwenye nafasi aweza kukataa kununua vitoto, lakini amnunulie mjane sambaza wakubwa kwa bei isiyomwumiza? Na tukisikia kwamba miezi ya kufunga inapangwa, je, tutakuwa wa kwanza kuuliza nani atakosa chakula?

Kijana wangu wa kipaimara alinikumbusha juzi kwamba sijamjibu. Nikamwambia: "Anampendeza Mungu yule anayetwaa kwa haja, anayeacha shina, na anayegawa alichotwaa." Akafikiri kidogo, akasema, "Basi, Mwalimu, njoo umwambie baba, maana wavu ni wake." Nimeahidi kwenda. Nitakwenda jioni, kabla hawajashusha mitumbwi, nami sitakwenda mikono mitupu. Tumekwisha kuanza kuchanga.